Maji mbele, kitambaa nyuma: kuosha motokari ndogo katika lupango na kuipakaa sire

Siku ya posho asubuhi pita katika mitaa yetu: Kenya ao Katuba hapa Lubumbashi, Kikula kule Likasi, Manika kule Kolwezi. Karibu katika kila lupango lenye motokari utaona kitu kile kile. Kijana anatoka nyumbani na kitambaa kikavu begani. Anaanza na kapo. Anapiga, anapanguza, anapiga tena, na vumbi nyekundu inapanda juu sawasawa moshi. Pembeni yake mutoto wa miaka mitatu anasimama na kutazama, kinywa wazi. Nyuma ya nyumba mama anakata lengalenga. Kiisha kuondoa ile vumbi, kijana analeta ndoo moja ya maji na sabuni ya unga, anasukula kuanzia pine mpaka juu, na mwisho anaacha motokari ikauke ku jua. Baba anatoka, anaiangalia, anasema: «Umefanya vizuri.»

Kwa macho ni kweli, motokari inangaa. Lakini angalia tena kapo ile kisha miezi sita, wakati jua linaipiga kutoka pembeni. Utaona mistari midogo midogo elfu na elfu, yenye kuzunguka sawasawa utando wa buibui. Rangi imekuwa na ukungu. Watu wanasema: «Ni jua ya Katanga.» Jua lina sehemu yake, ndiyo. Lakini ile mistari ilichorwa na kitambaa kikavu. Na ile vumbi iliyotoka ku kapo haikupotea. Imeingia mahali fulani.

Tuanze na rangi yenyewe, sababu wengi wanafikiri ni kitu kinene. Sivyo. Motokari ndogo nyingi tunazotembeza, zile Toyota Vitz na IST zilizotumika kwanza Japani mbele ya kufika kwetu, ziko na rangi ya tabaka tatu ao ine. Yote pamoja, kutoka chuma mpaka juu, ina unene wa karibu mikroni 100 mpaka 150. Mikroni ni milimetri moja iliyogawanywa mara 1.000. Tabaka ya juu kabisa haina rangi, ni verni safi tu sawasawa kioo. Hiyo njo inaleta mungao. Nayo ina mikroni 40 ao 50 tu: ni nyembamba kuliko nywele nyingi za kichwa. Ukiikwaruza kila juma, siku moja itaisha, na garaji hawatakurudishia verni ya Japani kwa bei ya ndoo ya maji.

Na vumbi? Vumbi yetu si unga wa bukari. Mujerumani mumoja, Friedrich Mohs, alitunga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa mawe, kutoka 1 mpaka 10. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu wanachonga vinyama na shanga, ni kati ya 3 na nusu na 4. Kioo cha dirisha ni karibu 5 na nusu. Kwarsi, ambayo ni muchanga wa kila siku, ni 7. Sasa katika vumbi nyekundu ya njia zetu kuko kwarsi mingi. Ukiweka kwarsi juu ya verni, kiisha ukiisukuma kwa kitambaa kikavu na nguvu ya mukono wa kijana wa miaka kumi na saba, hausafishi kitu. Unapiga msasa.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na kama utasahau zingine zote shika hii: usipanguze vumbi kavu hata mara moja. Maji mbele, kitambaa nyuma.

Lakini mimi sikuandika juu ya rangi tu. Sisi tunaokaa kando ya migodi tuna sababu ingine ya kuogopa vumbi kavu, na ni kubwa kuliko verni.

Baba anayefanya kazi katika karieri, ao katika usine, ao anayebeba watu kati ya Likasi na Kolwezi nyuma ya makamyo ya mawe, analeta nyumbani kila jioni kidogo cha ile njia. Inakaa juu ya kapo, chini ya pine, katika tapi za miguu, katika nguo za kazi. Ndani yake kuko shaba na kobalti, na mara ingine risasi na vitu vingine. Mwaka 2009 watafuta-elimu, kati yao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Universite ya Lubumbashi, walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometre 3 kutoka mugodi ao usine walikuwa na kobalti mingi kupita wale wa mbali. Mwaka 2018 yeye pamoja na wenzake wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza tena kazi yao ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambamo tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Vumbi ndani ya nyumba ilikuwa na kobalti mingi. Na tofauti na watu wa mtaa mwingine ilionekana zaidi kwa watoto.

Sababu ya watoto ni rahisi kuelewa, mama yeyote anaijua. Mutoto anacheza chini. Anashika udongo, kiisha anaweka mukono kinywani. Anapumua karibu na ardhi, pale vumbi iko nzito. Basi wakati kaka yake anapiga kapo na kitambaa, ile wingu inashuka palepale mutoto amesimama.

Na vumbi si sawa kila mahali. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mara nyingi kusini na mashariki. Njo maana moshi wa usine ya shaba ya Lubumbashi, iliyoanza kuyeyusha mwaka 1911, ilianguka kwa miaka mingi upande wa kaskazini-magharibi. Chemine yake kubwa ina metre 125, na udongo wa upande ule ungali na shaba, zinki na risasi ndani yake. Anayekaa kule asifikiri vumbi ya lupango lake ni kama ile ya shamba la babu yake mbali na muji.

Hapana, sisemi uuze motokari. Sisemi watoto wasisaidie kazi. Nasema tulowanishe vumbi mbele ya kuigusa. Tendo moja lile lile linachunga rangi ya baba na pafu ya mutoto.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe.

Chagua mahali mbele ya kuchagua sabuni. Usioshe karibu na kisima, maana maji machafu yanashuka na njia yao ni moja na ya maji unayokunywa. Usioshe pale maji yatatiririka mpaka katika tuta za lengalenga na matembele. Mahali pazuri ni penye mawe madogo ao majani, chini kidogo ya nyumba, mbali na pale watoto wanapocheza. Na mutoni? Vijana wengi wanapeleka motokari kando ya muto, wanaingiza pine mbili ndani ya maji, na kazi inakuwa mbiyo. Najua ni rahisi na maji ni ya bure. Lakini chini yako kuko mama anayesukula masani, na chini ya yule kuko mwingine anayemwangilia mboga ambazo wewe utanunua sokoni siku ya kwanza. Mafuta ya injini na vumbi ya mugodi hazina haja ya kusafiri hivyo.

Tafuta kivuli, ao uanze asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Weka kiganja juu ya kapo. Kama huwezi kukiacha pale bila kusikia moto, ngoja. Kapo ya rangi nyeusi ku jua kali inaweza kupita digri 60, na juu ya chuma ya moto sabuni inakauka mbele hujaiondoa. Maji nayo yanaacha alama nyeupe. Angalia ndani ya birika ya nyumbani: ule ukoko mweupe ni chokaa ya maji yetu, kwani sehemu nyingi za Katanga ziko juu ya mawe ya chokaa. Chokaa ile ile inabaki juu ya rangi wakati tone linakaukia palepale. Na ule muti wa maembe unaotoa kivuli kizuri? Utumie kwa kuosha, lakini usiache motokari ilale chini yake. Utomvu wake na mavi ya popo na ndege vinakula verni, zaidi kukiwa jua. Ukikuta mavi ya ndege, weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika tano, yalainike, kiisha uyaondoe bila kusugua.

Maji hayapatikani kila siku ku robine, tunajua wote. Lakini kuosha motokari ndogo hakuombi maji mingi. Mpira wa bustani ulio wazi unamwaga litri 10 na zaidi kila dakika. Acha uwe wazi robo saa na utaona hesabu. Mimi napenda ndoo. Ndoo mbili za litri 10 za kuoshea, na zingine mbili ao tatu za kumwangia. Na mutungi mudogo, ao chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu ku kifuniko, inatoa mvua nzuri sana. Watoto wanapenda kushika ile chupa. Wape kazi hiyo: ni kazi ya maji, si ya vumbi.

Mwanga maji ya kwanza bila sabuni na bila kugusa. Anza juu, ku paa, ushuke. Acha dakika mbili, mwanga tena. Utaona maji mekundu yakishuka yenyewe. Sehemu kubwa ya muchanga inaondoka hapo, bila mukono wa mutu. Wengi wanaruka hatua hii sababu wanaona ni kupoteza maji. Ni kinyume: hapo njo maji yanafanya kazi yao.

Sasa sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia nguo si ya motokari. Ilitengenezwa kwa kuondoa mafuta katika nguo, kwa hiyo itaondoa na sire yote uliyopakaa, na itakausha mipira ya madirisha mpaka ipasuke. Ile sabuni ya kipande nayo ni kali. Katika maduka ya muji kuko shampoo ya motokari, na chupa moja inakaa muda murefu. Kama hauna, shampoo laini ya nywele, ile ya watoto, kijiko kimoja ao mbili katika ndoo, inatosha. Povu mingi si dalili ya usafi, kwani kazi yake ni kufanya eponji iteleze tu.

Ndoo ya kwanza iwe na shampoo, ya pili na maji tupu. Chovya eponji katika shampoo, osha sehemu moja, tuseme nusu ya paa. Kiisha, mbele ya kurudi katika shampoo, suuza eponji katika ndoo ya maji tupu, ikamue. Njo maana ya ndoo mbili. Wenye ndoo moja wanarudisha muchanga ule ule juu ya rangi, na sasa una sabuni juu yake. Osha kwa mistari ya kunyooka, usizunguke. Shuka: paa, vioo, kapo, milango ya juu, kiisha milango ya chini na parashoki. Pine ni za mwisho kabisa, na ziwe na eponji yao ingine, ya zamani. Eponji ya pine isipande juu hata siku moja. Na kama kitambaa kimeanguka chini, hata sekunde moja, kiweke pembeni. Usikikung’ute na kuendelea. Punje moja ya muchanga inatosha kuchora kapo kutoka taa mpaka parabrize.

Hapa niseme kitu juu ya vitambaa, sababu nimeona watu wakitumia suruali ya jeans ya zamani, gunia, hata karatasi ya magazeti. Chukua tishati ya pamba iliyochakaa, bila vifungo, bila zipu, bila maandishi ya plastiki kifuani. Ao nepi ya kitambaa ya mutoto aliyekwisha kukua. Hakuna kitu kizuri kuliko ile. Vile vitambaa vya mikrofibre vinavyouzwa leo ni vizuri pia, lakini ukivifua usivichanganye na vitambaa vya jikoni.

Alama za gudro chini ya milango: kidogo cha petroli ya taa ku kitambaa, gusa, ngoja, panguza, kiisha osha mara moja na shampoo. Esansi hapana. Inaua mungao, na mutu mumoja mwenye makala karibu anatosha kuleta msiba. Na ukikuta matone ya ajabu juu ya rangi kisha kutembea nyuma ya kamyo yenye kubeba asidi, wala usiyaguse kwa mukono. Kuko asidi sulfiriki mingi njiani mwetu, usine zinaitumia kwa kutoa shaba na kobalti katika mawe. Mwangia maji mingi, na tena mingi, ukisimama upande ambao hautarukiwa.

Ndani ya motokari, sheria ni ile ile. Toa tapi za miguu, lakini usizipige ku ukuta. Zilaze chini, mwangia maji, sugua na brashi, ziegemeze zikauke. Tableau na viti, kitambaa chenye unyevu. Kuko vijana wenye kupuliza ndani na kompresa ya garaji. Wanafurahi kuona vumbi ikiruka inje, lakini nusu inarudi katika viti na nusu iko ndani ya pua yao. Nguo za kazi pia zisikung’utwe ku mulango. Ziloweke peke yake, mbali na nguo za watoto. Ndugu, mwaka 2020 kulitangazwa utafutaji mwingine wa Lubumbashi, uliolinganisha watoto waliozaliwa na kilema na wale waliozaliwa wazima. Baba mwenye kazi ya mugodi alionekana zaidi upande wa wale wa kilema. Sitaki kuogopesha mutu yeyote anayekula jasho lake. Lakini basini moja ya maji kwa nguo za kazi si mulimo mukubwa.

Kitu kingine ambacho wachache wanakijua: chini ya kila mulango, ku ukingo wa ndani, kuko matundu madogo. Ni njia ya maji ya mvua yanayopita ku kioo. Matope yetu yanayaziba. Maji yanabaki ndani ya mulango, na kutu inaanza mahali hauoni, mpaka siku moja kidole kinapita. Funga mulango polepole na usikilize: ukisikia maji yakicheza ndani, chukua kijiti chembamba cha muti, si musumari, na uyafungue. Fanya hivi mwezi wa kumi, mbele mvua haijaanza kwa nguvu. Toa pia majani ya jakaranda na ya maembe yanayojikusanya chini ya parabrize. Na injini? Iache. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Anayemwanga ndoo ya maji juu ya nyaya za umeme atamtafuta mekanisiye siku ile ile.

Suuza yote kwa maji safi, panguza kwa kitambaa kikavu na safi bila kugandamiza. Sasa ndiyo, kitambaa kikavu kina ruhusa, sababu muchanga umekwenda.

Tufike kwa sire.

Sire haitibu kitu. Haiondoi mikwaruzo, haiponyeshi kutu. Ni ngozi nyembamba juu ya verni, inayokufa mahali pa verni. Ile nzuri zaidi ina ndani yake nta ya karnauba, inayotoka ku majani ya mutende mumoja wa kaskazini-mashariki ya Brezili. Ni ngumu, haiyeyuki mpaka moto upite digri 80. Wengine wameniuliza kama nta ya nyuki wa poli zetu inaweza kufaa, kwani tunayo mingi na ni ya bei ndogo. Peke yake, hapana. Inayeyuka karibu na digri 63, na nimekwisha kusema kapo ku jua inafika wapi. Itakuwa laini, na vumbi itashikamana nayo. Na siraji ya viatu iache kwa viatu: rangi yake itaingia katika mikwaruzo na haitatoka.

Mbele ya kupakaa, jaribu mahali padogo pasipoonekana. Kama motokari ni ya zamani na kitambaa kinatoka na rangi ya motokari, usishituke. Maana yake rangi ile haina verni juu, zamani zilitengenezwa hivyo. Unaweza kuendelea, kwa mukono mwepesi.

Chukua sire kidogo, sawasawa na makuta moja ya chuma ya zamani, kwa nusu ya kapo. Kidogo kweli. Kosa la wengi ni kupakaa sana sawasawa margarini ku mukate. Sire mingi haichungi zaidi, inaomba tu nguvu zaidi ya kuiondoa. Paka tabaka nyembamba, katika kivuli, sehemu kwa sehemu. Usiguse parabrize, maana usiku wa mvua taa za kamyo zitakuwa ukungu mbele yako. Usiguse plastiki nyeusi isiyo na rangi, itabaki na alama nyeupe. Ngoja dakika tano mpaka kumi. Pitisha kidole: kama kinaacha njia safi bila kuvuta, wakati umefika. Panguza na kitambaa kikavu, kigeuze mara kwa mara, na umalize na kingine ambacho hakijagusa kitu.

Vijana, hapa njo mahali pa kufurahia. Mwanga kikombe cha maji juu ya kapo. Yakijikusanya kuwa matone ya muviringo na kukimbia, sire imeshika. Yakitandaa na kukaa, haijashika, ao imekwisha. Katika jua na vumbi yetu usitegemee zaidi ya miezi miwili ao mitatu. Rudia jaribio lile la kikombe, litakuambia.

Na faida kubwa ya sire kwetu si mungao wa kwenda nao kanisani siku ya Mungu, hata kama najua nani anaegesha mbele ya mulango wa hekalu na kwa sababu gani. Faida ni kwamba juu ya sire vumbi haishikamani sana. Maji ya kwanza yanaiondoa karibu yote. Unatumia ndoo tatu mahali pa tano, kitambaa kinagusa kidogo, na siku za kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa wakati hata majani ya miti ni mekundu, ndoo mbili ni kitu.

Kama unamulipa kijana wa mtaa afanye kazi hii, umuonyeshe ndoo mbili na umulipe kwa muda wake, si kwa mbiyo yake. Binti wanaweza pia. Mikono yao mara nyingi ina uvumilivu zaidi. Anaposhinda kutwa nzima akiosha motokari za watu wa mugodi, anawe mikono na uso kwa sabuni mbele ya kugusa bukari, na abadilishe shati.

Ukimaliza, acha milango wazi nusu saa, mipira na tapi zikauke. Kiisha washa motokari, na mbele ya kutoka ku lango la lupango kanyaga frein mara mbili tatu polepole, ukienda mwendo wa mutu anayetembea kwa miguu. Frein zilizolowana hazishiki vizuri mara ya kwanza, na inje ya lango watoto wa jirani wanacheza mupira.